UZI: Ugonjwa ukilipuka, serikali ijue mambo yako kiasi gani?

Msaka Kisa (mleta mada)

Habari za muda huu wakuu.

Kwa miaka kadhaa kazi yangu imekuwa kufuatilia milipuko ya magonjwa. Ni ile kazi ya kugonga mlango wa mtu aliyetoka kuharisha siku tatu, ukae naye na daftari, umuulize alikula nini, wapi, na nani. Nikikaa na watu wasio wa kazi hii nakutana na kambi mbili. Moja inasema serikali ichukue kila taarifa inayotaka kwa sababu watu wanakufa. Nyingine inasema isiguse chochote, maana leo inatafuta kipindupindu na kesho inakutafuta wewe. Naweka mezani jinsi kazi inavyokwenda, halafu mnipige mawe.

Nianze na kisa kimoja. Tulikuwa na wagonjwa arobaini na kidogo, wote kuhara na homa. Karibu wote walihudhuria sherehe moja, isipokuwa mmoja. Mtu wa makamo, mkewe amekaa pembeni, anasema hakutoka nyumbani jioni ile. Maabara inasema kimelea chake ni kilekile cha wenzake. Nikarudi mara ya pili, nikamkuta peke yake, bado jibu ni lile lile. Mara ya tatu nikafunga daftari nikamwambia: utakachoniambia hakiendi kwa mkeo, hakiendi polisi, hakiendi kwa mwajiri wako. Kwenye karatasi yangu wewe ni namba.

Akaangalia chini muda mrefu. Kumbe alikuwa nyumbani kwa mtu ambaye hakupaswa kuwa kwake, na tenki la nyumba ile ndilo lililochotwa maji ya sherehe. Mchana ule ule tukalifunga.

Nimekipa kisa hiki nafasi kwa sababu kinaonyesha kitu ambacho kambi zote mbili hukisahau. Taarifa iliyotuokoa haikuwa kwenye kompyuta ya mtu yeyote. Ilikuwa kifuani mwa mtu mmoja mwoga.

Hata hivyo siwezi kusema tuishi kwa hisani ya watu tu. Wengi wanaijua ramani ya kipindupindu ya daktari John Snow, London, mwaka 1854, na ile pampu ya maji ya Broad Street aliyosema ndiyo inayoeneza ugonjwa. Kinachosahaulika ni alikoanzia. Snow alikwenda ofisi kuu ya usajili wa vizazi na vifo, akaomba ruhusa ya kunakili orodha ya waliokufa wiki ile. Akapata vifo 89 vya mitaa ile, pamoja na mahali vilipotokea. Hapo ndipo akaanza kugonga milango. Bila ile orodha angekuwa daktari mwenye dhana tu. Kulikuwa pia na mjane aliyefia Hampstead, mbali kabisa na pampu, ambaye angeweza kuivuruga hoja yote. Snow akaongea na mtoto wa marehemu, akaambiwa mama alipenda maji ya pampu ile na alikuwa akiletewa kwa mkokoteni. Tafakarini: daftari la serikali lilimwambia nani kafa na wapi, lakini sababu aliipata kwa wafiwa.

Msimamo wangu ni huu. Mpelelezi wa afya apewe njia pana ya kuingia kwenye taarifa, hata bila ridhaa pale ugonjwa unapolazimisha. Ila njia ya taarifa hizo kutoka ofisini kwake izibwe kwa zege. Ugomvi wetu wote unapigwa kwenye mlango wa kuingilia, wakati watu wanaumizwa kwenye mlango wa kutokea.

Nawasilisha.

Chombeza

Nimesoma mpaka mwisho kutaka kujua mke alijua au hakujua. Mleta mada umeniacha njiani.

Msaka Kisa

Chombeza, hata nikijua siandiki hapa. Ndiyo mada yenyewe hiyo.

Jiwe Gumu

Mkuu, uandishi wako mtamu ila umeficha upanga kwenye maua. "Izibwe kwa zege." Zege la nani? Mwenye zege ni serikali, mwenye nyundo ni serikali.

Singapore, Machi 2020, wakati wa korona, walizindua programu ya simu ya TraceTogether. Wananchi wakahakikishiwa kwamba taarifa zake ni za kufuatilia maambukizi tu. Januari 2021 bunge likaambiwa kwamba polisi wanaweza kuzichukua kwa sheria ya mwenendo wa makosa ya jinai. Zikapigwa kelele, Februari ikatungwa sheria ya kuwabana polisi kwenye aina saba za makosa makubwa. Yaani ahadi ilivunjwa kwanza, halafu uvunjaji wenyewe ukawekewa mipaka.

Na usiniambie ni tatizo la nchi moja. Ujerumani wanajisifu kwa faragha kuliko mtu yeyote. Mji wa Mainz, Novemba 2021, mtu alianguka akitoka kwenye mgahawa, akafariki. Polisi wakataka mashahidi. Taarifa za programu ya Luca, ile ya kujiandikisha unapoingia sehemu, zikatoka kupitia ofisi ya afya, na watu 21 wakatafutwa na polisi. Sheria ilikuwa inakataza kabisa. Waendesha mashtaka wakaomba radhi baadaye.

Radhi haikusaidii. Nikijua jina langu linaweza kufika polisi, safari ijayo naandika jina la mpira, la uongo.

Msaka Kisa

Jiwe, mifano yote miwili naikubali, na yote miwili ni ya mlango wa kutokea. Mainz ukuta ulikuwepo, mtu akafungua geti. Nikiwa nakutafuta kwa sababu ulikaa meza ya pili na mgonjwa, jina lako nalihitaji kweli. Sijui nitakuambiaje ukapime bila kujua wewe ni nani.

Na hilo la jina la mpira ndilo linaloniogopesha kuliko yote. Orodha yenye majina ya uongo ni mbaya kuliko kukosa orodha. Ukikosa orodha unajua huna. Ukiwa nayo ya uongo unapiga simu mia, unajiridhisha kwamba umewafikia watu, na ugonjwa unakupita kando.

Kalamu Nyekundu

Nisogeze kidogo upande wa sheria maana ndiko ninakolia ugali.

Kwanza tuondoe dhana kwamba siri ya mgonjwa ni ukuta usio na mlango. Nchi nyingi zina orodha ya magonjwa ambayo daktari na maabara wanalazimika kuyatolea taarifa, na ruhusa ya mgonjwa haiombwi. Marekani wana kanuni ya faragha ya HIPAA, ambayo watu huitaja kama vile inakataza kila kitu. Kanuni hiyo hiyo inaruhusu hospitali kutoa taarifa kwa mamlaka ya afya ya umma iliyopewa na sheria kazi ya kuzikusanya. Angalieni neno: inaruhusu. Amri ya kutoa inatoka kwenye sheria nyingine, kwa kawaida za majimbo. Ulaya nako kifungu cha 9 cha GDPR, sheria yao ya kulinda taarifa binafsi, kinazuia kuchakata taarifa za afya, kisha kinafungua mlango kwa ajili ya afya ya umma, mradi kuwe na sheria yenye ulinzi unaofaa, hasa wajibu wa kutunza siri.

Sasa kuna jambo ambalo mleta mada atalipenda. HIPAA inamfunga daktari, hospitali na bima. Taarifa ikishahamia idara ya afya ya serikali, kwa kawaida kanuni hiyo haiifuati tena. Inalindwa na sheria nyingine kama ipo, na kwa nguvu iliyonayo. Kwa hiyo kuingia kumeandikwa vizuri mno, kutoka kumeachwa kwa kila mmoja na lake.

Kuna kesi moja huwa naipenda, Whalen dhidi ya Roe, Mahakama ya Juu ya Marekani, 1977. Jimbo la New York lilitaka nakala ya kila cheti cha dawa fulani zinazotumiwa vibaya, na jina la mgonjwa juu yake. Wagonjwa na madaktari wakashtaki. Wakashindwa. Lakini someni jinsi mahakama ilivyoeleza utunzaji: fomu zinawekwa kwenye chumba imara, chumba cha kupokelea kimezungushiwa uzio wa waya wenye kufuli na king'ora, fomu zinaharibiwa baada ya miaka mitano, na kompyuta ikisoma kanda zenye taarifa hizo, hakuna kifaa cha nje ya chumba chake kinachoweza kuzisoma. Majaji walihesabu mpaka uzio! Leo ukiuliza wizara "uzio wenu uko wapi", unajibiwa kwa sera ya faragha ya kurasa thelathini.

Kipimo changu ni maswali ya Siracusa, zile kanuni za 1984 kuhusu lini serikali inaweza kubana haki: je, ipo sheria, je, lengo ni halali, je, kuna ulazima wa kweli, na je, hakuna njia nyingine inayoumiza kidogo? Swali la mwisho ndilo linaloangusha wengi. Taasisi ikitaka rekodi za simu za mji mzima kwa ajili ya wagonjwa sita, kuna njia inayoumiza kidogo: waulize wale sita.

Zamaradi_7

Naomba niongee kama niliyekuwa upande wa pili wa daftari.

Dada yangu aligundulika na kifua kikuu. Ofisi ikapewa taarifa, sawa, hilo nalielewa. Wakaja nyumbani kutupima sisi tuliokuwa tunaishi naye. Wakaja na gari lenye maandishi makubwa ubavuni, wawili wamevaa barakoa, mchana kweupe. Hawakumtaja kwa mtu yeyote. Fomu zao zilikuwa na namba badala ya majina, kama anavyosema mleta mada. Kabla gari halijaondoka mtaa mzima ulishajua. Mwenye nyumba alitupa notisi mwezi ule ule.

Dada alipona, dawa alimaliza miezi yake sita. Ila tangu siku hiyo akikohoa anakwenda kununua dawa mwenyewe, kituo cha afya hataki kukisikia.

Kwa hiyo nyie mnaobishania seva na mahakama, sisi siri yetu ilitolewa na gari.

Msaka Kisa

Zamaradi, pole sana. Na nakiri: mimi pia nimewahi kwenda na lile gari. Siku hizi nashuka mbali natembea, lakini ilibidi mtu mmoja anifokee ndipo nijifunze. Alikuwa bibi mmoja, akaniambia "mwanangu, umekuja kunipima au kunitangaza?" Sikuwa na jibu.

Nesi wa Zamu

Mimi niko hospitali, upande unaoombwa. Nieleze kinachotokea kweli.

Saa nne usiku simu inaita. Sauti inajitambulisha ofisi ya afya, kuna mgonjwa wa homa yuko wodini, nataka faili lake. Nesi kijana anaogopa, anasoma kila kitu kwenye simu: jina, anuani, hali ya VVU, mimba iliyotoka miaka minane nyuma. Aliyepiga anaweza kuwa ofisa kweli. Anaweza pia kuwa mume wake wa zamani.

Ninachowafundisha vijana wangu ni kwamba usijibu kwenye simu uliyopigiwa. Kata, tafuta namba ya ofisi mwenyewe kwenye orodha yetu, piga, uliza kama huyo mtu yupo na kisa hicho kipo. Ofisa wa kweli hakasiriki, anashukuru. Halafu muulize anataka nini hasa. Mpelelezi anayejua kazi yake anataja vitu vichache: tarehe dalili zilipoanza, majibu ya maabara, mtu anaishi wapi, anafanya kazi gani, nani anaishi naye. Anayesema "nitumie faili zima nitachambua mwenyewe" hajui anachotafuta. Kisha andika kwenye daftari la wodi: nani kaomba, nini kimetolewa, saa ngapi, nani katoa. Hilo daftari limeniokoa mara mbili.

Jambo jingine ambalo halisemwi hadharani. Madaktari wakiona taarifa zikivuja, wanaanza kuandika uchunguzi mwingine. Kipindupindu kinakuwa "kuhara kwa kawaida." Wanafanya kwa huruma, si kwa uovu. Sasa ofisi inakaa na takwimu safi na watu wanaendelea kuugua.

Mtandao Hafifu

Wakuu, kuna mtu bado hajasema "basi watumie taarifa zisizo na majina" lakini najua anakuja, nimuwahi.

Kuondoa jina ni kama kumvua mtu kofia, sura inabaki. Latanya Sweeney, akiwa mwanafunzi miaka ya 1990, alichukua rekodi za hospitali za Massachusetts zilizotolewa bila majina, akazilinganisha na daftari la wapiga kura, akampata gavana wa jimbo. Alihitaji tarehe ya kuzaliwa, jinsia na msimbo wa posta basi. Mwaka 2013 watafiti waliangalia nyendo za simu za watu milioni 1.5 wakakuta pointi nne tu za mahali na saa zinatosha kumtofautisha mtu na wengine wote kwa asilimia 95 ya watu hao. Nne! Nyumbani, kazini, ibadani, na pale kwa yule mtu wa mleta mada.

Ndiyo maana 2020 kulikuwa na vita vya mafundi. Norway walitengeneza Smittestopp, inakusanya mahali ulipo na uliokaribiana nao, inapeleka kwenye hifadhi moja kuu. Juni mwaka huo huo mamlaka yao ya faragha ikasema hapana, programu ikasimamishwa na taasisi ya afya ikafuta walichokusanya. Apple na Google wakaja na njia nyingine: simu zinapeana namba za muda, zinabaki kwenye simu, serikali haipati orodha yoyote. Mimi kama fundi niliipigia makofi.

Msaka Kisa

Na mimi kama mpelelezi niliinunia kidogo, nieleze kwa nini.

Ile njia ya Apple na Google inamwambia mtu "ulikaa karibu na mgonjwa." Hainiambii mimi ni wapi. Inalinda faragha vizuri sana na inanyamaza kabisa kuhusu chanzo. Kwa ugonjwa unaohama kwa pumzi labda inatosha. Kwa ugonjwa wa chakula au maji haina msaada wowote.

Ujerumani 2011 ni shule nzima. Watu zaidi ya 3,800 waliugua kwa bakteria wa E. koli aina ya O104:H4, wakafa zaidi ya 50. Wapelelezi waliwauliza wagonjwa walikula nini. Wengi wakataja nyanya, matango, saladi. Mwishoni mwa Mei matango ya Hispania yakalaumiwa hadharani, wakulima wakatupa mazao, na hayakuwa chanzo. Chanzo kilikuwa mbegu zilizochipushwa, zile nyuzinyuzi za juu ya saladi ambazo mtu anazila na hakumbuki kama amezila. Ni karibu mgonjwa mmoja kati ya wanne tu aliyezikumbuka alipohojiwa mwanzoni.

Waliutatua vipi? Waliacha kutegemea kumbukumbu. Walikwenda kwenye mgahawa mmoja ambako makundi kadhaa yalikula, wakachukua bili, wakaangalia hata picha watu walizopiga mezani, wakamuuliza mpishi kila sahani ilikuwa na nini na kiasi gani. Walioletewa chipukizi waliugua kwa zaidi ya mara 14 ukilinganisha na wasioletewa. Wakafuata mnyororo wa wauzaji hadi shamba moja la Saksonia ya Chini, na nyuma yake shehena ya mbegu za uwatu kutoka Misri.

Bili ya mgahawa ni taarifa binafsi jamani. Inasema ulikuwa wapi, saa ngapi, na mlikuwa wangapi. Bila bili zile wangeendelea kulaumu matango.

Jiwe Gumu

Mkuu, mfano huo umejipiga mwenyewe. Bili za mgahawa mmoja, watu wachache, swali moja. Hawakuchukua miamala ya kadi ya nchi nzima. Hicho nakikubali hata kesho.

Israeli Machi 2020 waliwapa usalama wa taifa, Shin Bet, kazi ya kufuatilia wagonjwa kwa simu, kwa mitambo iliyotengenezwa kwa ajili ya magaidi. Mahakama Kuu yao Aprili ikasema hamwezi kuendelea bila sheria ya bunge. Bunge likatunga. Machi 2021 mahakama ikarudi tena ikabana matumizi yake. Mwaka mzima, nchi imemgeuza mgonjwa kuwa mshukiwa. Hapo tatizo siyo mlango wa kutokea, mlango wa kuingilia wenyewe ulikuwa wa jasusi.

Msaka Kisa

Hapo umenishika, nakubali. Nani anaingia ni sehemu ya swali, na mwanzoni nililiruka. Mtu mwenye pingu mkononi hawezi kuwa yule yule anayemwahidi mgonjwa kwamba mkewe hatajua.

Niongeze Korea Kusini maana wamepita pande zote mbili. Mwaka 2015 walipata MERS, ugonjwa wa virusi unaoshambulia njia ya hewa, wagonjwa 186, vifo 38. Serikali mwanzoni iliyaficha majina ya hospitali zenye maambukizi, watu wakaendelea kwenda humo humo, hasira ikawaka. Sheria ikarekebishwa: mamlaka ya afya ikaruhusiwa kupata mahali simu zilipo, miamala ya kadi, kamera, na wakati huo huo ikalazimishwa kuwatangazia wananchi wapi mgonjwa alipita.

Mwanzo wa 2020 hilo la pili likageuka balaa. Tangazo linasema mwanamume wa umri fulani, alikuwa hoteli fulani saa fulani, na mtandaoni watu wanakaa kukisia alikuwa na nani. Tume yao ya haki za binadamu ikalalamika Machi, mwongozo ukabadilishwa, wakaanza kutaja mahali bila kumchora mtu. Mwezi Mei ukazuka mlipuko wa vilabu vya usiku vya Itaewon, baadhi vinatembelewa na mashoga. Wakachukua rekodi za minara ya simu za watu zaidi ya 10,000 waliokuwa eneo lile. Na bado watu walijificha, namba nyingine hazipokelewi. Jiji la Seoul likaruhusu upimaji bila jina, namba ya simu tu, ndipo watu wakamiminika.

Minara yote ile, na kilichowaleta watu ni kuambiwa hatuhitaji jina lako.

Kalamu Nyekundu

Kuna kundi halijaguswa: makampuni. Mara nyingi anayegoma kutoa taarifa siyo mgonjwa. Ni mwenye kiwanda asiyetaka kusema malighafi alinunua kwa nani, na anajificha nyuma ya neno faragha. Faragha ni ya mtu. Kampuni ina siri ya biashara, na hiyo inashindwa haraka zaidi mbele ya mlipuko.

Na ridhaa msiidharau. Marekani 2009 na 2010 kulikuwa na mlipuko wa bakteria wa salmonela, wakaugua watu 272. Wachunguzi waliwaomba wagonjwa ruhusa ya kuangalia rekodi za kadi zao za wanunuzi madukani, wakakuta soseji kavu za aina moja, na mwisho wa safari ni pilipili iliyopakwa juu yake. Waliomba, wakapewa.

Nesi wa Zamu

Nakazia la ridhaa. Ukimwomba mgonjwa vizuri na kumweleza, tisa kati ya kumi nilioona wanakupa zaidi ya ulichoomba. Wa kumi ana sababu, na sababu yake kwa kawaida ni mtu aliyeko chumbani humo humo.

Na Waingereza walijifunza kwa shida. Kuanzia Januari 2017 kulikuwa na makubaliano ya maandishi ya taasisi ya takwimu za afya kuipa wizara ya mambo ya ndani anuani za watu kwa ajili ya uhamiaji. Hakuna uchunguzi wa kitabibu uliotolewa, anuani tu. Kamati ya bunge ikapiga kelele, Mei 2018 serikali ikarudi nyuma. Lakini muulize mhamiaji kama alisubiri kusoma aya inayosema "anuani tu."

Jiwe Gumu

Msaka Kisa, nina swali moja la mwisho, na naomba ujibu kwa ukweli kama ulivyomtaka yule bwana wa tenki ajibu.

Ile orodha ya wagonjwa arobaini na kidogo. Majina, namba za simu, nani alikuwa wapi usiku ule. Umesema kwenye karatasi yako ni namba, lakini mahali fulani kuna ufunguo wa namba ipi ni nani. Iko wapi leo?

Chombeza

Uwiii. Nimevuta kiti.

Msaka Kisa

Iko ofisini. Kwenye hifadhi ya idara, ina nywila.

Jiwe Gumu

Ya ofisini najua. Naulizia ya kwako.

Msaka Kisa *(siku iliyofuata)*

Nilitaka kujibu jana usiku nikaona niangalie kwanza.

Kompyuta yangu ya zamani, kwenye folda inayoitwa "mpya mpya 2", kuna lile jedwali. Majina yote, ufunguo wote. Nililishusha usiku ule tukiwa uwanjani kwa sababu mtandao ulikuwa unakatika. Kuna flashi pia, ina jedwali hilo na mengine mawili ya milipuko tofauti. Flashi hiyo mwanangu aliitumia kupeleka kazi ya shule kwenda kuchapisha.

Yule bwana ni mstari wa 31. Pembeni nimeandika kwa mkono wangu alikuwa kwa nani.

Nifute?

Kalamu Nyekundu

Usifute kimyakimya. Andika kwa mkubwa wako leo: nini, kiko wapi, tangu lini, nani mwingine ameshika hiyo flashi, na ilichomekwa kwenye mashine zipi. Kabidhi flashi na kompyuta kama vilivyo, wafute wao mbele yako, wakupe maandishi. Ukifuta mwenyewe halafu ikaja kuonekana nakala kule kwa mchapishaji, utaonekana ulikuwa unaficha.

Zamaradi_7

Na hao watu wa kwenye jedwali wataambiwa?

Kalamu Nyekundu

Sheria nyingi za sasa zinataka waambiwe kama kuna hatari kwao. Hilo ataamua mkubwa wake, siyo yeye.

Msaka Kisa

Barua nimeiandika, napeleka saa mbili asubuhi. Nikiambiwa niwapigie, yule wa mstari wa 31 nampigia mwenyewe, akiwa peke yake.

Nesi wa Zamu

Na kwenye simu yako je? Lile grupu la kikosi mlilokuwa mnatumiana picha za fomu usiku?

Msaka Kisa

Ngoja niangalie.